Faye na Bubbles tuwaandike wapenzi tangu ukurasa gani?

Mhariri, salaam.

Naomba ushauri wa wasomaji wanaofuatilia katuni ndefu za mtandaoni, zile za maisha ya kila siku ambazo hazina vita wala hazina dalili ya kuisha. Kundi letu linajadili Questionable Content ya Jeph Jacques. Ilianza tarehe 1 Agosti 2003, hutoka siku tano kwa wiki, na imeshavuka kurasa 5,000. Kwa wingi huo hakuna anayeweza kukumbuka kichwani nani aliachana na nani kabla ya lipi, ndiyo maana tunaweka jedwali la mahusiano. Sasa jedwali lenyewe limekuwa chanzo cha ugomvi.

Lina safu tano: namba ya ukurasa, wahusika waliomo, kilichoonekana, kilichosemwa, na hali ya uhusiano baada ya hapo. Safu nne za kwanza hazina neno. Balaa lipo kwenye ya tano.

Chukua Faye na Bubbles. Faye alifukuzwa kazi kwenye mgahawa wa kahawa wa Dora kwa sababu ya ulevi, akaangukia kutengeneza roboti za mapigano ya siri, na huko ndiko alikokutana na Bubbles, roboti aliyewahi kuwa askari. Baadaye wakafungua karakana yao wenyewe. Kati ya kufahamiana na kuwa wapenzi kuna kurasa chungu nzima za mizaha, ukimya na maneno yaliyokatizwa. Wapo wanaotaka tuandike “wapenzi” tangu dalili za kwanza, na wapo wanaosema tusiandike kitu mpaka watamke wenyewe.

Tulianza na kanuni moja: hali haibadiliki hadi wahusika wote wawili wakiri mbele ya msomaji. Kwa Marten, mhusika mkuu, na mpenzi wake Claire inafanya kazi vizuri, kwa sababu wale ni watu wa kuzungumza. Kwa Faye na Sven, kaka yake Dora, inavunjika, maana hao walikuwa wakilala pamoja bila kukubaliana waitane nani. Kwa kanuni yetu Sven anabaki “rafiki”, jambo linalomchekesha yeyote aliyesoma sehemu hiyo. Tukaongeza daraja la kati, “kuna jambo”. Haikuchukua muda nusu ya wahusika wakahamia humo, kwani kila mwamba ngoma huvutia kwake: Timu Faye-na-Marten, yaani wasomaji wanaotaka wawili hao wawe wapenzi, ambayo ilipaswa kukata tamaa tangu Faye alipomweleza Marten kwamba hawezi kuwa naye, huleta kila utani wa wawili hao kama ushahidi mpya. Binafsi naona utani wa watu waliowahi kuishi nyumba moja si ushahidi wa chochote, lakini daraja lenyewe halina kipimo cha kuwakatalia.

Kisha kuna suala la muda. Mazungumzo ya jioni moja yakienda kurasa 15, msomaji wa kila siku ameyasubiri wiki tatu nzima. Aliyeanza kusoma juzi kutoka mwanzo anayamaliza kwa dakika chache. Wa kwanza analalamika kwamba wapenzi hawa wamekawia mno, wa pili anauliza mbona wamekurupuka, na wote wanazungumzia kurasa zilezile. Tukajaribu kuhesabu siku za hadithi. Alama tunazoziamini ni tatu: giza kuingia, mtu kuonekana akiamka, na mhusika kutaja “jana” au “kesho”. Nguo tuliziacha, kwa sababu mhusika anaweza kurudia fulana ileile siku nyingine, na mchoraji anaweza kusahau kuibadilisha. Hata hizo alama tatu zina mtego. Hadithi huhama kutoka kwa kikundi kimoja cha wahusika kwenda kingine, na jioni ileile inaweza kusimuliwa mara mbili, mara mgahawani, mara nyumbani. Anayehesabu kila giza anapata siku mbili mahali palipokuwa na moja, na uhusiano unaonekana mkongwe kuliko ulivyo.

Kuna mwenzetu anashikilia twende na kalenda ya kweli, kama Gasoline Alley, katuni ya magazetini iliyoanza mwaka 1918, ambamo mtoto Skeezix aliachwa mlangoni tarehe 14 Februari 1921 akakua mwaka kwa mwaka pamoja na wasomaji. Lakini kule mchoraji alikusudia hivyo. Hapa, kwa hesabu hiyo, Marten angekuwa ameshapita miaka 40, na hakuna ukurasa unaomwonyesha hivyo.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni mjadala wa Claire. Claire ni mwanamke aliyezaliwa akihesabiwa mwanamume, na ukosoaji wa uhusiano wake na Marten huja kwa sura mbili. Upo wa kawaida: kwamba hawagombani vya kutosha, kwamba Marten amepoa tangu awe naye ukilinganisha na enzi alipokuwa mpenzi wa Dora, pale wivu na wasiwasi vilipowafikisha kuachana. Na upo ambao ni chuki tupu iliyovaa koti la uhakiki. Tuliweka sharti kwamba anayekosoa ataje ukurasa na kitendo, si maumbile ya mhusika. Sharti likawanyamazisha wasomaji wa kawaida, ambao hawana muda wa kutafuta namba, huku wenye chuki wakijifunza haraka kunukuu namba za kurasa. Limekamata watu wasio walengwa.

Kauli za mwandishi nje ya katuni tumeziweka pembeni, kwa sababu anayesoma kurasa peke yake asihitaji kuzisaka. Hilo halijaleta shida kubwa.

Naomba basi wenye uzoefu wanisaidie kwa haya. Je, safu ya tano tuifute kabisa, tubaki na kilichoonekana na kilichosemwa, kila mtu ajiamulie? Nahofia mgeni akifungua jedwali atapata mistari mingi asijue nani yuko na nani. Au tuiache, ila kila hali iambatane na jina la timu iliyoiweka? Kuhusu muda, kuna aliyewahi kuweka namba mbili sambamba, siku za hadithi na idadi ya kurasa, na je, zilisomeka? Na kwa mjadala wa Claire, sharti gani linazuia chuki bila kumtwisha mzigo msomaji anayesema tu kwamba wawili hawa wanamchosha?

Mtunza jedwali