Picha za zamani za Goma mmezigeuza, na mwenyewe hamkumtaja

Bwana Mhariri,

Nimewasoma kimya kwa miaka mingi, lakini ukurasa ule wa picha za mwanzo za mpiga picha wenu mstaafu umenishinda. Picha kubwa, iliyopigwa ufukweni kuelekea mlima wa volkano wa Nyiragongo, mmeichapa kinyume. Anayeutazama mlima akiwa mjini, Gisenyi, mji jirani wa Rwanda, iko mkono wake wa kuume. Kwenu imehamia kushoto. Yule mwanamume aliyesimama mbele, shati lake limefungwa kama blauzi.

Kuhakikisha ni kazi ya sekunde chache. Negatifu ina upande unaong'aa na upande uliofifia, ndio wenye dawa ya picha. Elekeza unaong'aa kwako: namba za pembeni zikisomeka, picha iko sawa.

Nilikuja ofisini kwenu kueleza hayo. Kijana akatoa tepe za negatifu kutoka bahasha ya plastiki, akazishika katikati kwa vidole, moja akaifuta kwa pindo la shati! Mafuta ya kidole hula dawa ile polepole, na chembe moja ya vumbi la lava katika shati huchora mstari usiofutika. Tepe hushikwa kingoni, vumbi hupulizwa kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa mdomo, maana mate huacha madoa. Bahasha iwe ya karatasi isiyo na asidi, kwa sababu plastiki laini ya albamu hunata wakati wa mvua. Filamu inayonuka siki itengwe mara moja: imeanza kuoza, na mvuke wake huziozesha jirani. Januari 17, 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Mitaa iliyo katika tepe zile haipo tena, hakuna wa kurudi kuipiga upya.

Na madoa ya kahawia mliyoyasifu kuwa "ukale" ni dawa ya kukazia picha ambayo haikuoshwa ikaisha. Hata kwa maji ya bidoni, yaani dumu, filamu huosheka: jaza tanki la kusafishia filamu, pindua mara 5, mwaga, jaza tena, pindua 10, kisha 20.

Kuna na lingine. Chini ya picha zote mmeandika "DR", yaani "droits réservés", haki zimehifadhiwa. Haki gani hiyo iliyohifadhiwa, na mwenyewe mnamjua, anaishi mji huu huu? Sheria ya haki za mtunzi ya Aprili 5, 1986 inamlinda mpiga picha pia. Redio, tovuti, wachapa kalenda, wote wanachota bure kwa mtindo huo.

Nunueni skana yenye taa kwenye kifuniko. Kwa filamu ya milimita 35 iwekeni nukta 2400 kwa inchi, mtapata picha ya nukta kama 3400 kwa 2270, na nakala ya kwanza iwe faili la TIFF, lisilopunguza ubora. Fungeni penseli laini ya 2B kwa uzi kwenye meza ya kumbukumbu: nyuma ya kila picha ya karatasi, pembeni, liandikwe jina la mpiga picha, mahali na mwaka. Biki marufuku, hukandamiza na wino wake huhamia picha ya chini.

Kisha ichapeni ile ya ufukweni upya, kwa ukubwa uleule, ukurasa uleule, na jina lake chini.

Msomaji wenu, Birere, Goma