Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mpango wa Kujenga Upya Viwanja vya Umma vya Tenisi na Pikolboli, Kisumu

Wanachama wenzangu,

Mashindano, ada na mafunzo ya watoto yameelezwa katika taarifa za katibu na mweka hazina. Yangu inahusu viwanja vitatu vya umma tunavyovitumia kwa idhini ya kaunti, na namna kamati inavyopendekeza vijengwe upya.

Malalamiko mengi ni kuhusu rangi iliyobambuka. Rangi haina kosa. Chini ya lami kuna udongo mweusi kama ule wa nyanda za Kano: mvua za Machi hadi Mei zikiunywesha unafura, jua la Januari likiupiga unasinyaa na kupasuka. Lami hupanda na kushuka pamoja nao, na ufa uliozibwa hurudi pale pale msimu ukibadilika. Ndiyo sababu kamati imekataa wazo la kuziba nyufa na kupaka rangi, ingawa ndilo la bei rahisi.

Kabla ya kuandaa BQ, yaani orodha ya vipimo na gharama za kazi, tunataka mashimo matano ya majaribio katika kila kiwanja, pembe nne na katikati, yenye kina cha mita 1.5. Mkandarasi asiyejua udongo mweusi unaishia wapi ataongeza bei kwa hofu, au atarudi kazi ikiwa nusu kudai nyongeza. Ukiishia ndani ya mita moja, wote uondolewe. Ukizidi hapo, mhandisi aseme kina cha kuchimba, na uliochimbwa usirudishwe hata kujazia pembeni.

Murram, yaani udongo wa changarawe, ijazwe kwa tabaka za milimita 150, kila tabaka imwagiwe maji kiasi, ishindiliwe kwa rola na kupimwa kabla ya nyingine kumwagwa. Hapa ndipo wengi huibiwa. Lori likimwaga nusu mita kwa mpigo, rola hukaza juu tu, chini hubaki tepetepe, na slabu, yaani sakafu ya zege, huanza kuzama baada ya mwaka. Juu ya murram yaje mawe ya msingi ya milimita 200, vumbi la mawe, polithini, kisha zege la milimita 125 lenye wavu wa chuma, yaani BRC, ya A142. BRC ikalie biskuti, yaani vipande vidogo vya zege vya kuiinua, ili ibaki sehemu ya juu ya slabu. Mafundi wakiikanyaga ikalala kwenye polithini, haizuii ufa wowote.

Eneo kamili la kiwanja kimoja cha tenisi, pamoja na nafasi ya kukimbilia, ni mita 36.57 kwa 18.29, karibu mita 669 za mraba. Zege lake ni takriban mita 84 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto), hiyo ni kama mifuko 670 ya saruji ya kilo 50, bila kuhesabu upotevu. Mabomba ya kusimikia nguzo za neti yawekwe kabla ya kumwaga, mita 12.80 kati ya nguzo na nguzo, na kiungo cha slabu kipite chini ya neti. Mteremko uwe mmoja tu, wa asilimia 1 kutoka ubavu hadi ubavu, yaani tofauti ya sentimita 18. Mgongo katikati hatuutaki.

Maji yanayopenya kando ndiyo yanayofurisha udongo tena, kwa hiyo pembezoni pote pawe na ukanda wa zege wa mita moja na mtaro. Mikaratusi iliyo karibu na ua nayo iondoke. Hunyonya unyevu upande mmoja na slabu huinama. Najua baadhi yenu mnapenda kivuli chake.

Kuhusu pikolboli, mchezo unaofanana na tenisi lakini wa kibao na mpira wa plastiki wenye matundu, kuchora mistari yake juu ya viwanja vyote vitatu hakufai. Neti ya tenisi ina kimo cha sentimita 91.4 katikati, ya pikolboli 86, na neti za kubebeka hupinda au hupotea. Tunapendekeza viwanja viwili vibaki vya tenisi tupu na cha tatu kigeuzwe vinne vya pikolboli. Kila kimoja kina mita 13.41 kwa 6.10, na nafasi ya chini inayoshauriwa ni 18.29 kwa 9.14, hivyo vinne vinaingia kamili. Lakini vipangwe viwili kwa viwili. Vikipangwa vinne kwa mstari vitaelekea mashariki na magharibi, na hapa karibu na ikweta mchezaji wa saa kumi na moja jioni atapiga mpira akitazama jua. Kigeuzwe kile cha upande wa barabara, kwa kuwa mlio wa kibao na mpira wa plastiki huwachosha majirani.

Taa zitangoja awamu ya pili. Nguzo zake lazima zifungwe waya wa ethi, unaopeleka umeme wa radi ardhini. Radi za mji huu mnazijua.

Uchimbaji uanze Januari, udongo ukiwa mkavu, na zege limwagwe kabla ya mvua kubwa, limwagiliwe siku saba mfululizo. Rangi ya akriliki haipakwi kabla ya siku 28, na sisi tunashauri ingoje hadi Juni au Julai. Mvua za masika zitatuonyesha vidimbwi: saa moja baada ya mvua kukatika, popote maji yanapozidi milimita 1.6 pazungushiwe chaki, pasawazishwe, ndipo tupake. Anayepaka zege lenye unyevu ataona malengelenge.

Mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na asilimia 10 ya malipo izuiliwe miezi kumi na miwili, si sita, ili misimu yote miwili ya mvua ipite juu ya kazi yake.

Mkutano utapiga kura kuhusu mambo mawili: kiwanja cha tatu kigeuzwe au kisigeuzwe, na kama kianze peke yake ili tenisi iendelee kwenye viwili vilivyobaki. Kamati inasema ndiyo kwa yote mawili.