Kipimo cha dhahabu kina kazi kabla ya rangi

Mhariri,

Wanaopigia debe kipimo cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa chembe za nano (ndogo mno) za dhahabu huonyesha mirija miwili, mmoja mwekundu na mwingine buluu, kana kwamba kazi ni hiyo tu. Huku kandokando ya Ziwa Victoria, ambako ugonjwa huu umeenea, kipimo hicho kina maana: kinasoma jeni yenyewe, kwa hiyo hakizuiwi na himoglobini ya kichanga, ile ya damu ya mtoto mchanga inayoweza kuficha ugonjwa. Ila makosa yake hutokea kabla rangi haijaonekana.

Kinachosakwa ni herufi moja. Kwenye kodoni (kundi la herufi tatu za DNA) ya 6 ya jeni ya beta-globini, inayounda himoglobini, GAG imekuwa GTG. Kipande hicho huzalishwa kwa wingi kwenye mashine ya PCR, inayonakili DNA, kisha huongezwa utepe mfupi wa DNA unaolingana na jeni inayotafutwa. Mchanganyiko hupashwa hadi nyuzijoto 95, halafu hupozwa, ndipo hutiwa dhahabu na kisha chumvi. Utepe ukimpata mwenzake hushikamana naye, dhahabu ikakosa kinga. Chumvi huigandamanisha na wekundu hugeuka zambarau au buluu. Usipompata, hujibandika kwenye dhahabu na wekundu hubaki.

Sasa, praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) zilizosalia baada ya PCR nazo ni tepe pweke. Zisiposafishwa zitailinda dhahabu, na kila sampuli itatoka nyekundu. Joto la kushikanisha likiwa chini mno, hata utepe wenye kasoro ya herufi moja hushika, na zote zikawa buluu. Ndiyo maana kila awamu yahitaji damu za AA (jeni mbili za kawaida), AS (moja ya kawaida, moja ya selimundu) na SS (mbili za selimundu) zinazojulikana tayari, pamoja na mrija usio na DNA. Tepe pia ziwe mbili, wa A na wa S. Wa S peke yake hautenganishi mwenye jeni moja tu ya S (AS) na mgonjwa (SS).

Dhahabu yenyewe hupikwa maabarani: mililita 100 za asidi ya kloroauriki ya milimola 1 kwa lita zikichemka, tia kwa mpigo mmoja mililita 10 za sitreti ya sodiamu ya milimola 38.8. Hutoka chembe za nanomita 13 hivi, nyekundu kama divai. Maji ya mfereji hayafai hata kusuuzia chupa. Ihifadhiwe kwenye friji, si friza, kwani ikiganda imekwisha.

Kaunti ikipanga bajeti, itenge kwanza fedha za maji yaliyotoneshwa, vifaa vya kusafishia DNA na umeme wa akiba wa mashine ya PCR. Dhahabu ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo.

Wanamaabara,
Kisumu