Kwa nini fomu yako haina muhuri

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku Mbagala hatujambo, mdogo wako kapona mafua, na umeme unakatika vilevile ulivyouacha. Umeniuliza mara tatu fomu yako ya mkopo wa masomo imefikia wapi, na mara zote nimekujibu "ipo njiani". Haipo njiani. Ipo kabatini, juu ya vikombe vya wageni, haina muhuri wa serikali ya mtaa, na sababu ni mimi. Nataka uyasikie kwangu kabla shangazi yako hajakupigia.

Unajua tangu Panya Road, wale vijana wa mapanga, walipotunyima usingizi mwaka 2022, kila nyumba hapa inachangia ulinzi shirikishi, elfu tano kwa mwezi. Nimelipa bila kukosa. Stakabadhi sijawahi kuiona. Mjumbe anaandika jina kwenye daftari la shule, basi. Sikugomba, maana nilikuwa nalala.

Mwezi uliopita, saa tisa usiku, nikasikia filimbi nyuma ya ukuta wetu, kisha fimbo. Nikajifunga kanga, nikatoka na tochi ya simu. Walikuwa walinzi wanne, wawili siwajui kabisa, na chini yao yule kijana aliyepanga nyumba ya kona, anayepara samaki soko la Feri. Ndala moja mguuni. "Ana kisu, mama, rudi ndani." Kisu chenyewe ni cha kuparia, magamba yamekaukia kwenye mpini, kimeviringishwa ndani ya aproni ya plastiki. Sasa mtu wa Feri asipoondoka saa hiyo, mnada ataukuta wapi? Nikajiingiza katikati, nikapiga kelele mpaka taa za majirani zikawaka. Walipomwachia, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimevunjika.

Jumapili kwenye mkutano wa mtaa nikasimama, na kile kijitabu cha Katiba ulichokiacha chini ya godoro. Nikawasomea ibara ya 13, pale inapokataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia yake haijathibitika. Nikasema raia anaruhusiwa kumkamata mhalifu, lakini amfikishe polisi. Nikaomba majina ya walinzi yabandikwe ofisini na mapato na matumizi yasomwe. Mwenyekiti akacheka: "Hiyo Katiba ndiyo italala mlangoni kwako, mama?" Watu wakapiga makofi. Haohao wanaonunua vitumbua vyangu.

Aliyeniuma ni jirani yetu wa upande wa mwembe. Yeye hakupiga makofi. Alimshika mumewe mkono, akaunyanyua watu wauone, ule uliokatwa panga na Panya Road, ambao sasa hauinui hata ndoo ndogo ya maji. Akaniambia, "Wewe umehesabu vidole viwili. Huu wa kwangu nani ataubeba kwenye hesabu?" Nikakaa chini. Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikichambua mchele najikuta namtafutia jibu yule mama, sipati.

Kuna wanaonitolea mfano wa sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini, eti babu yako alikuwa mmoja wao kule Kahama miaka ya 1980 na wezi wa ng'ombe walikoma. Ni kweli alikuwemo. Ila nyumbani hadithi aliyokuwa akiisimulia ni ya usiku walipomkimbiza mwalimu wa shule aliyetoka kwenda chooni na koti jeusi.

Tangu siku hiyo vitumbua vinabaki nusu ya beseni. Fomu yako nilipoipeleka mara ya kwanza, mtendaji akasema wino umekwisha. Mara ya pili, muhuri uko kwa mwenyekiti. Mara ya tatu mwenyekiti mwenyewe akanitaka kwanza niombe radhi mkutanoni. Radhi ya nini? "Unajua mwenyewe."

Nisikufiche, juzi usiku nilikuwa nimeshaamua kuomba, kwa ajili yako. Hata maneno nilikuwa nimeyapanga. Asubuhi yule kijana akabisha hodi, mkono kaufunga kitambaa, ananiletea changu wawili. Kawapara kwa mkono wa kushoto, magamba yamejaa mgongoni. Nikampokea, nikamalizia mwenyewe, na yale maneno yakanitoka kichwani.

Jumatatu naenda kwa mtendaji wa kata. Akishindwa, nitapanda wilayani. Cheti chako cha kuzaliwa RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, wameshakihakiki, hicho hakina shida, na dirisha la maombi bado halijafungwa. Elfu tano naendelea kuitoa, ila sasa nina daftari langu na mjumbe anasaini humo. Amesaini huku ananuna.

Kama umenikasirikia, nipigie. Iwe baada ya saa tatu usiku, nikishakoroga unga wa vitumbua. Mwambie mjomba wako dawa ya mguu nimeipata, nitaituma na basi la Morogoro.

Mama yako