Kwa mpwa wangu, kuhusu askari waliotekwa

Mpwa wangu mpendwa,

Uliniuliza kwa nini kila Juni nawakumbuka watu "walioinua mikono." Neno hilo liliniuma. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeamini kuwa askari aliyefia mikononi mwa adui hana nafasi kati ya mashujaa.

Chukua Chasselay, kijiji kilicho karibu na Lyon, Ufaransa. Juni 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia, Paris ilikuwa imekwisha kuangukia mikononi mwa Wajerumani, na tarehe 17 Pétain, waziri mkuu mpya wa Ufaransa, akatangaza redioni kwamba mapigano hayana budi kukoma. Hata hivyo, Kikosi cha 25 cha askari wa Afrika Magharibi, waliolitumikia jeshi la Ufaransa, kiliamriwa kuzuia njia ya kuingia Lyon, bila kurudi nyuma. Wakazuia. Tarehe 19 na 20 walipigana vita ambavyo wakubwa wao walijua vimeshapotea. Walisalimu amri risasi zilipowaishia.

Tangu dakika hiyo sheria ilikuwa upande wao. Mkataba wa Geneva wa 1929, ambao Ujerumani iliuridhia mwaka 1934, uliamuru mateka atendewe utu na akingwe dhidi ya ukatili. Wajerumani wakawatenga weusi na wazungu. Weusi wapatao 50 wakapelekwa uwanda wa wazi, wakaambiwa wakimbie, kisha wakamiminiwa risasi kutoka kwenye vifaru. Hawakuwa na hata kisu, mpwa wangu. Kosa lao lilikuwa rangi yao.

Léopold Sédar Senghor, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Senegal, naye alitekwa tarehe 20 hiyohiyo, mahali pengine Ufaransa. Yeye alirudi, akaandika, watu wakamsoma. Wa Chasselay hawakupata nafasi ya kujisemea.

Mfaransa mmoja, Jean Marchiani, ndiye aliyehangaika kukusanya miili ya Waafrika waliouawa eneo lile. Makaburi yao, yanayoitwa Tata, yalizinduliwa Novemba 1942: makaburi 196, kuta nyekundu kwa ujenzi wa Afrika Magharibi, na udongo ulioletwa kutoka Dakar. Baadhi hayana jina mpaka leo. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na mama aliyempa jina.

Utakapoandika tena, usinirudie habari ya mikono iliyoinuliwa. Niambie ungetaka wafanye nini zaidi, risasi zikiwa zimekwisha.

Mjomba wako