Mpeni mama kiti kabla ya kununua inkyubeta nyingine

Mhariri,

Mfadhili akitembelea wodi ya watoto wachanga, zawadi huwa ileile: inkyubeta (sanduku la kumtunzia mtoto joto), utepe ukatwe, picha zipigwe. Hatuikatai. Lakini inkyubeta inataka umeme usiokatika, fundi, vipuri na mtu wa kuiosha sawasawa kila anapotoka mtoto. Ikikosa hayo, ama inageuka kabati la blanketi, ama wanalazwa njiti (watoto waliozaliwa kabla ya wakati) wawili watatu humohumo na kuambukizana.

Utafiti wa nchi tano uliochapishwa mwaka 2021, Tanzania ikiwemo, ulifuatilia watoto waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Kati ya waliowekwa kifuani ngozi kwa ngozi mapema baada ya kuzaliwa, asilimia 12 walifariki ndani ya siku 28. Kati ya waliosubirishwa hadi hali itulie, walikuwa karibu asilimia 16. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya: kuanza mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Saa hizo zitatoka wapi ikiwa mama amelazwa wodi ya wazazi, na kwa mtoto anaitwa kukamua maziwa tu kisha anaondoka? Kinachokosekana ni kiti cha kuegemea au kitanda kando ya mtoto, pazia, na sahani ya chakula. Mama akiwa bado hajapata nguvu baada ya upasuaji, baba au bibi ashike zamu.

Ubebaji wenyewe wa ngozi kwa ngozi una kanuni. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi, akae wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura. Kichwa kigeukie upande, ukingo wa juu wa khanga uishie chini ya sikio. Khanga ikazwe usawa wa kifua cha mtoto. Ikibana tumbo, pumzi inakuwa ya shida. Hatari kubwa ni shingo: kidevu kikiinamia kifua, njia ya hewa inaziba, na mama aliyesinzia hajui. Joto la kwapani liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Njiti akipoa huichoma sukari yake kujipasha moto. Sukari ikiisha, anasahau kupumua.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana, nayo ni mikono. Mtoto wa kilo 1.2 akianzishiwa mililita 60 za maziwa kwa kila kilo anahitaji mililita 72 kwa siku, yaani 6 kila baada ya saa 2. Watoto kumi wa namna hiyo wanalishwa mara 120 kwa siku, na usiku muuguzi ni mmoja. Akiwa na haraka anasukuma maziwa kwenye mpira wa kulishia kwa pistoni ya sirinji, mtoto anatapika. Muuguzi ahakikishe mpira umefika tumboni. Mama aliyeelekezwa ainue sirinji isiyo na pistoni, maziwa yashuke yenyewe taratibu.

Wapo watakaosema akina mama wataleta vijidudu wodini. Katika utafiti uleule, watoto waliokaa na mama zao ndio walioshukiwa kuwa na maambukizi ya damu kwa kiwango kidogo zaidi. Waganga wafawidhi waweke sinki na sabuni mlangoni, kisha wawaruhusu waingie.

Muuguzi wa watoto wachanga,
Morogoro