Mheshimiwa Waziri, ukishaweka shada la maua usikimbilie gari

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Najua uko bize na misiba ya hawa askari waliopigwa risasi wakiwa lindoni, na kwanza nakushukuru kwa kwenda mwenyewe, maana wapo wanaotupia rambirambi mtandaoni basi wamemaliza. Mimi shemeji yangu alikuwa askari, na yeye aliuliwa kazini, kwahiyo nivumilie nikiongea kwa uchungu.

Siku ya kumzika walikuja wakubwa wengi kweli, magari mpaka barabarani, tukaambiwa familia hii sasa ni ya serikali, tukapiga makofi huku tunalia. Haukupita mwezi dada akaanza kufuatilia mafao, akienda anaambiwa jina kwenye cheti cha kifo limekosewa herufi, akarekebishe, akirudi nayo mwenye faili kasafiri. Herufi moja mheshimiwa! Bahasha yake ya kaki imechanika pembeni kwa kubebwa, na humo ndani alitia ile picha anapewa mkono wa pole na kiongozi, eti labda dirishani wataiheshimu. Wapi.

Desemba 2014 kule New York askari wawili waliuliwa wamekaa zao ndani ya gari, Brooklyn, meya Bill de Blasio alivyoenda hospitali askari wakamgeuzia mgongo, na mazishini wakarudia tena. Walikuwa na kinyongo naye toka wakati wa maandamano ya kupinga polisi kuua raia weusi, waliona kawatosa. Mi siwaungi mkono, msibani sio pa kumalizia ugomvi, ila ujue ile migongo haikuanza kugeuka siku ile.

Alafu Dallas, hukohuko Marekani, Julai 2016, askari watano waliuliwa wakilinda maandamano, Rais Obama na rais mstaafu George W. Bush, wa vyama tofauti, wakahutubia ibada moja, na Obama hakuishia kusifia, alisema polisi tunawabebesha mengi mno na akawataja pia raia weusi waliouliwa na polisi wiki hiyohiyo. Hapo ndo nakutaka ufike. Kumsapoti askari sio kumlinda anayepiga watu ovyo, shemeji mwenyewe alikuwa hawataki wenzake wa hivyo, anasema wanamchomea mtaani.

Ombi langu dogo tu, kabla hujaondoka kwenye huo msiba uliza faili la kila mjane litakuwa kwa nani, umpe huyo mtu tarehe, mbele ya hizohizo kamera. Na la dada uliulizie, bahasha bado iko juu ya kabati.